Shimo la Mashine ya Joto

Mtu wa Njombe akisema Dodoma kwamba kazi yake ni kupasha maji moto, atachekwa. Nilichekwa miaka mingi. Majirani zangu wa Ipagala waliniuliza kama jua halitoshi, nami niliwajibu kwamba linatosha sana, isipokuwa siku linapohitajika. Sasa nimestaafu, nimekabidhi geji na funguo za karakana, na ninyi mnaobaki mmeniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye vitabu vya chuo. Mambo mengi mtafundishwa na mashine zenyewe, na hazina huruma. Nitaandika habari ya mashine moja, kwa sababu ile nisingependa ifundishe mtu mwingine kama ilivyonifundisha mimi.

Nilianzia kwenye majokofu. Shirika lililoniajiri baada ya chuo cha ufundi lilikuwa na vyumba vya baridi vya nyama. Miaka ya ruksa ilipofika, maduka yalijaa vitu na shirika likaisha. Tuligawiwa barua asubuhi, na mchana nilikuwa nje ya geti na sanduku langu la spana. Aliyenipokea ni Mzee Kondo, fundi wa barafu kutoka Bagamoyo, aliyekuwa amefungua karakana yake karibu na stesheni ya reli. Aliniuliza swali moja tu: kama naogopa umeme. Nikasema naogopa.

"Basi utaishi," akasema, akanionyesha pa kuweka sanduku.

Siku hiyohiyo alinipeleka kwenye jokofu la bucha moja, akaniambia niweke mkono kwenye mabomba ya nyuma.

"Unasikia nini?"

"Joto, mzee."

"Limetoka wapi?"

Nikasema limetoka kwenye umeme. Akatikisa kichwa. "Limetoka kwenye nyama. Umeme ni mpagazi tu, unahamisha mzigo. Na gesi iliyomo ndani ndiyo kapu la kubebea." Kisha akasema jambo ambalo nililiandika kwenye daftari na kulisahau palepale, kama tunavyofanya na maneno ya maana. "Gesi si mafuta ya taa. Haiungui, haiishi. Ikipungua ujue imetoroka, na ikitoroka kuna mahali imekwenda. Kabla hujaongeza nyingine, ulize imekwenda wapi."

Mwaka wa tatu nikiwa naye tuliitwa kwenye kituo kimoja cha masista, nje ya mji, upande wa Chamwino. Walikuwa na bwawa lenye ukubwa wa madarasa mawili, na wagonjwa wao walifanyia mazoezi humo: watoto wenye misuli iliyokakamaa, wazee waliopigwa na kiharusi, wanawake waliovunjika nyonga. Mkuu wa mazoezi alikuwa Sista Konsolata, Mhaya mwenye sauti ya kuamuru hata anaposhukuru. Alitueleza kwamba maji yakiwa ya baridi misuli ya mgonjwa hujifunga kama ngumi, na kazi ya miezi mitatu inapotea kwa asubuhi moja. Wafadhili walikuwa wamemtumia mashine ya kupasha maji, mtumba, imetoka nchi ya baridi, na maandishi yake hakuna kati yetu aliyeyaelewa.

Mashine ile haikuwa hita. Ilikuwa jokofu lililogeuzwa. Feni yake ilivuta hewa ya nje, gesi ikanyonya joto la hewa hiyo, na joto likaingizwa kwenye maji ya bwawa. Hewa iliyobaki ilitoka upande wa pili ikiwa ya baridi. Mzee Kondo aliipenda mara moja. "Inaiba joto la Mungu," alisema, "na haijakamatwa."

Kosa lilikuwa mahali ilipowekwa. Kanisa dogo la masista lilikuwa hatua chache kutoka bwawani, na aliyechora ramani alitaka kelele zizikwe. Basi mashine ilikuwa shimoni. Shimo la zege, refu kuliko mtu aliyenyoosha mkono, ngazi nane, mabati juu, na kwenye kona ya chini kabisa tundu la kutolea maji yanayodondoka kwenye mashine. Mchana wa jua kali ungeshuka ngazi zile na kuhisi miguu inaingia kwenye kitu baridi kabla ya mwili. Vijana wa bustani walikwishaanza kulikwepa.

Aliyeshuka kila siku alikuwa Mzee Madeje, mtunzaji wa bwawa. Mgogo mrefu, mkimya, masikio yametogwa na kupanuliwa kwa mtindo wa wazee wa zamani, mzee wa kanisa lake, hajawahi kuonja pombe. Mkewe alikuwa amefariki masika yaliyotangulia. Kila kulipokucha alikunja turubai la bwawa, akashuka shimoni kuzibua tundu lile na kusafisha chujio, kisha akapanda na kuwasha mashine. Nilipomwamkia mara ya kwanza aliitikia marahaba, kisha akanifundisha mbukwa, salamu ya kwao, akanirudisha nyuma hadi nikaitamka vizuri.

Sasa niwaeleze hali ya hewa, maana hapo ndipo mafundi wengi hudanganya wateja. Novemba, vumbi na jua, mashine ile ilipasha maji kwa kasi ya kushangaza, na hakuna aliyeihitaji. Januari hadi Machi, mvua zikinyesha, ilifanya vizuri zaidi ya tulivyotazamia hata siku za mawingu. Hewa yenye unyevu ina joto lililojificha ndani yake, na mvuke ukigeuka maji kwenye mapezi ya mashine, yale mabati membamba yanayonyonya joto, joto lile linaachiwa. Siku hizo mashine ilitoa jasho ndoo kwa ndoo. Lakini Juni na Julai, hewa ikiwa kavu, upepo unavuma kutoka mashariki na asubuhi ni ya kuvaa sweta, ilichechemea. Ilikuwa kama ndugu anayekutembelea siku za pilau tu. Na upepo ule mkavu uliyanyang'anya maji joto kwa juu kuliko mashine ilivyoweza kuingiza kwa chini. Turubai zuri usiku kucha lilisaidia kuliko fundi yeyote. Mwambieni mteja hivyo kabla hajawauliza.

Juni ya kwanza Sista alinipigia simu karakana. "Yustina, njoo uone. Mashine yako imeota mvi."

Nilikuta barafu. Dodoma, saa tatu asubuhi, barafu nyeupe nene kama kiganja imefunika mapezi yote, na mvuke unapanda ngazi polepole. Wagonjwa wawili kwenye viti vya magurudumu walikuwa wameomba wasogezwe mbali. Sababu ilikuwa rahisi: mashine ilikuwa inavuta hewa ya baridi iliyoitoa yenyewe, kwa kuwa shimoni haikuwa na pa kwenda. Kila mzunguko hewa ilipoa zaidi. Kabla sijaizima, feni iligonga barafu na mashine nzima ikatikisika kama trekta. Nadhani ndipo bomba moja dogo, chini ya sinia ya kukinga maji, lilipopata ufa. Sikuuona. Nilitoa nusu ya mabati ya juu, nikatengeneza mkono wa bati wa kuelekeza hewa baridi nje, na barafu haikurudi. Nilishauri mashine ipandishwe juu. Sista alisema itapandishwa simenti ikipatikana. Nilirudi mjini najiona fundi.

Baada ya miezi miwili mashine ilipungukiwa na gesi. Nilipaka povu la sabuni kila kiungo nilichoweza kufikia, sikuona kiputo hata kimoja, nikaongeza gesi. Baada ya miezi miwili tena, vivyo hivyo. Kufika chini ya sinia kulihitaji kuinyanyua mashine, yaani siku tatu bila maji ya moto, na Sista hakuwa na siku tatu. Huo ndio utetezi wangu. Nilimwambia Mzee Kondo kwamba ni mashine kuukuu. Kisha ikawa inapungua haraka zaidi, na kufikia Machi nilikuwa nimeongeza gesi mara sita.

Kila nilipokuja na mtungi, Mzee Madeje alinipokea getini. Akanibebea sanduku, na nikiondoka alinipa mlenda mkavu uliofungwa vizuri kwenye gazeti, au karanga. Nilidhani ni ukarimu wa Kigogo. Niliusifu nyumbani.

Kisha mambo madogo yakaanza kusemwa. Mijusi ilikutwa imekufa kwenye ngazi ya mwisho, mikavu, haina jeraha. Kuku wa jikoni alishuka na vifaranga wake; walipanda wawili. Mhudumu mmoja aliyetumwa kuchukua ndoo alirudi bila ndoo, akasema kuna mtu mle, na tangu hapo hakushuka tena hata kwa amri ya Sista. Nilipomwuliza ni mtu gani, alisema hakumwona. "Nilijua tu kwamba nimesimama mbele ya mtu ambaye ameketi."

Naye Mzee Madeje akabadilika. Kazi ya robo saa ikawa ya saa nzima. Alipanda akiyumba, macho mekundu, akitabasamu. Watu wakaanza kusema uzee na ujane vimemfikisha kwenye gongo. Sista Konsolata alinusa pumzi yake mara mbili, kwa kisingizio cha kumkagua jino, hakupata kitu, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

"Nikimwachisha kazi atakufa," aliniambia. "Nikimwacha ataanguka bwawani na mgonjwa. Nipe sababu moja ya kumwacha."



Ilikuwa Machi, siku nne baada ya kuongeza gesi mara ya sita. Gari la kituo lilikuwa limenichukua mapema nikaangalie pampu ya kisima. Asubuhi ilikuwa ya mawingu, hewa imetulia kabisa, jani halitikisiki. Mashine ilikuwa haijawashwa. Nilimkuta Mzee Madeje shimoni, amekaa sakafuni karibu na tundu la maji, ameinamisha kichwa hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

Aliinua kidole bila kugeuka. "Ngoja. Hajamaliza."

Nilidhani anasali. Nikampita taratibu, nikapiga magoti kwenye kona nitoe majani yaliyoziba tundu, ili asije akalaumiwa. Midomo ikafa ganzi. Nikasikia damu yangu ikipiga masikioni, mwanga wa ngazini ukawa wa manjano, na nyuma ya sikio langu la kushoto mwanamke akasema, "Mbukwa."

Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyetoka kisimani akakuta mgeni uani kwake. Mwishoni mwa neno sauti ilikwaruza kidogo.

Jambo linalonitisha mpaka leo ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa na amani kubwa. Nilitaka kukaa, kulaza shavu kwenye zege, na kusubiri aendelee. Kilichoniokoa ni goti langu la kulia, bovu tangu utotoni, ambalo halivumilii sakafu ngumu. Lilichoma, nikasimama ili kulinyoosha. Kichwa changu kilipofika juu, hewa ikaingia kifuani, na woga wote ukaja kwa mkupuo. Nilimshika Mzee Madeje kwapani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tulipanda ngazi nane kama watu wanaopanda mlima, nikatapika kando ya ukuta wa bwawa.

Yeye aliketi akinitazama. "Umemsikia," akasema. Halikuwa swali.

"Nani?"

"Mama Yohana."

Mke wake. Yohana ni mtoto wao wa kwanza.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu baada ya ile barafu. Mwanzoni alikuwa mbali." Akafuta macho kwa kiganja. "Ukija wewe na mtungi wako, siku zinazofuata anakuja vizuri. Ukikawia, anafifia. Sijui wewe ni nani, binti, lakini kila usiku nakuombea."

Hapo ndipo nilipoelewa ule mlenda.

Nilirudi mjini nikamsimulia Mzee Kondo yote hadi mwisho. Nilitegemea aseme pepo, au aseme upuuzi. Aliuliza hivi: "Ulikuwa umesimama au umepiga magoti?"

"Nimepiga magoti."

Aliamka, akatoa kwenye kabati taa yake ya kupimia gesi. Ninyi mna vidude vinavyolia. Yeye alikuwa na taa ndogo ya shaba yenye mwali wa buluu, na gesi zetu zikiugusa, mwali hugeuka kijani. Tulirudi kituoni siku iliyofuata, asubuhi, kabla mashine haijawashwa. Sista alikuja, na Mzee Madeje alisimama nyuma yetu, kofia mkononi.

Mzee Kondo aliifunga taa kwenye kamba akaishusha taratibu. Ngazi ya kwanza, buluu. Ya tatu, buluu. Ya tano ukaingia ukijani kwenye ncha. Ya sita mwali wote ukawa kijani kibichi, ukaangaza kuta za zege hadi tukaona kila ufa. Ya saba ukarefuka, ukayumba, ingawa hapakuwa na upepo. Ya nane ukazimika.

Sista alifanya ishara ya msalaba.

"Ni nzito kuliko hewa," Mzee Kondo akasema. "Inajaa chini kama maji kwenye sufuria, haionekani, hainuki. Mashine ikiwaka feni inaitimua. Ikizimwa usiku, inajaa tena." Kisha akanigeukia, na hakupaza sauti. "Yustina. Mara sita uliongeza. Hukuuliza imekwenda wapi."

Nimewahi kusemwa maneno makali zaidi na watu wenye vyeo zaidi. Hayo ndiyo yaliyobaki.

Siku ya pili yake tulileta winchi, tukainua mashine na kuiweka juu ya tofali, penye hewa, mbali na kanisa. Ule ufa ulikuwa mdogo kama unywele. Niliuchomelea kwa fimbo ya fedha, nikaujaza mfumo gesi mpya, nikaacha mtungi wenye salio kivulini. Mzee Madeje alisogea nikiwa nakusanya vifaa.

"Fundi, ile gesi inaua?"

"Inaua, mzee. Ungelala pale chini kidogo tu, tungekuzika."

"Na ukishaziba hivi, harudi?"

"Hakuwa mle, mzee wangu. Ubongo ukikosa hewa unaota ukiwa macho."

"Ubongo wako ni wa Njombe. Ulimsikiaje akisalimia kwa Kigogo?"

Nikamwambia Dodoma nzima inasalimia hivyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Ni jibu zuri, na bado naamini ni la kweli. Sikumwambia habari ya mkwaruzo kwenye sauti. Sikumwuliza mkewe alikufa kwa ugonjwa gani. Sista aliniambia baadaye bila kuulizwa: kifua.

"Acha kidogo tu," akasema kwa sauti ya chini. "Tundu la sindano. Mimi ni mtu mzima, najua ninachoomba."

"Siwezi."

"Basi," akasema, akaenda zake.

Tulikwenda kula. Masista walitupikia ugali na mlenda, na Mzee Kondo, mtu wa pwani, alikuwa akinung'unika kuhusu samaki. Nilikuwa nanawa mikono nilipotazama kivulini nikaona sanduku la vifaa peke yake. Mtungi haupo.

Nilikimbia. Kutoka juu ya shimo nilisikia mlio wa gesi kabla sijamwona, mlio mwembamba kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Alikuwa amelala kwenye kona ileile, mtungi kifuani, bomba la valvu limeota barafu nyeupe. Alikuwa amenitazama mara sita nikifungua valvu ile. Alijifunza vizuri.

"Usishuke!" Mzee Kondo alipiga kelele nyuma yangu. "Yustina, usishuke, mtakuwa wawili!"

Alikuwa sahihi, na ninyi kama mkikutwa na hali hiyo fanyeni alivyosema: leteni feni, leteni kamba, msishuke. Mimi nilishuka. Nilijifunga kamba ya winchi kiunoni, nikampa mwisho wake, nikavuta pumzi hadi kifua kikauma. Ngazi nane. Nilifunga valvu kwanza, ikaunguza vidole kwa baridi. Nikajifungua kamba, nikaipitisha chini ya makwapa yake. Fundo halikutaka kushika. Kifua kikaanza kudai hewa. Nilijua kwamba nikivuta pumzi moja tu mle chini, woga utaondoka na sitataka kupanda tena. Nilijua hivyo kama mtu ajuavyo njia ya kwao. Nikafunga fundo la pili, nikavuta kamba mara mbili, nikapanda nikishika ukuta, na pumzi nilivuta kwenye ngazi ya kwanza, kichwa kikiwa juani.

Sista Konsolata na Mzee Kondo walivuta. Mimi nikashika nikavuta nao. Alitoka akiwa wa rangi ya majivu, midomo ya buluu, na Sista akaanza kumpulizia pumzi mdomoni, huku akihesabu, kwa sauti ileile ya kuwaamuru wagonjwa. Sijui ilichukua muda gani. Alikohoa, akatapika, akafungua macho, akatazama mbingu kwa muda mrefu. Kisha akalia bila sauti, machozi yakitiririka kuelekea kwenye matundu makubwa ya masikio yake.

Kituo kilimpeleka hospitali, akakaa huko siku tano. Sista hakumwachisha kazi. Watu waliuliza kwa nini, akajibu kwamba alinitaka nimpe sababu moja na sasa anayo yake mwenyewe, na hakuieleza.

Shimo liliamriwa lifukiwe. Mzee Madeje akaomba alifukie yeye. Alikataa kusaidiwa; kila siku baada ya wagonjwa kutoka, alibeba kokoto na udongo mwekundu kwa toroli. Nilikwenda kukagua mashine, nikamkuta udongo umefika ngazi ya tatu kutoka juu. Niliketi ukingoni. Tulikuwa hatujazungumza tangu siku ile.

"Mzee, nisamehe."

"Kwa kuziba au kwa kutoziba mapema?"

"Kwa yote mawili."

Aliegemea koleo. Nikajipa moyo nikamwuliza mkewe alikuwa akimwambia nini miezi ile yote.

"Salamu tu," akasema. "Ananisalimia, naitikia. Ananisalimia tena. Kwetu salamu ni ndefu, unapita kwa ng'ombe, kwa watoto, kwa mvua, ndipo mnafika kwenye habari. Kila siku nilisema leo tutafika. Hatukuwahi kufika." Akamwaga udongo, akausawazisha. "Wewe ulimwitikia?"

"Sikuitikia, mzee. Nilikimbia."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa watu aliyekosa malezi. "Ungeitikia," akasema. Akarudi kwenye toroli.

Juni iliyofuata mashine ilikaa juu, ikivuta hewa mpya na kutupa ya baridi shambani, na ingawa baridi iliipunguza nguvu kama inavyozipunguza zote, barafu haikuonekana tena. Bwawa lilivuta ukungu mweupe kila asubuhi kwa sababu maji yalikuwa na joto kuliko hewa. Wagonjwa walishuka ndani yake hadi mabegani, ukasikia sauti zao bila kuwaona.

Mzee Madeje alinitaka nimfundishe kusoma geji. Nikamfundisha na kupima kwa sabuni pia. Tangu hapo, kila Jumatatu alipiga magoti kando ya mashine na kikopo cha povu na brashi, akapaka kiungo baada ya kingine, hata vile vilivyofichika, akiinamisha sikio na kusubiri. Mwaka hadi mwaka, mpaka alipostaafu yeye, gesi haikupungua hata kidogo. Sista alisema hajapata mtunzaji makini kama yule, na mimi nilikubaliana naye, nikaandika kwenye kitabu cha matengenezo kwamba mashine haivuji. Sikuwahi kumwuliza kama alitafuta uvujaji ule ili auzibe.